Maji ya Murang'a, Kiu ya Nairobi

Jina Nairobi latokana na neno la Kimaasai la maji baridi. Hata hivyo, tangu reli ilipopiga kambi hapo mwaka 1899, mji huo haujawahi kutosheka na maji yake wenyewe. Ulianza na mto uliopita karibu, ukachota chemchemi za Kikuyu, ukajenga bwawa la Ruiru, kisha la Sasumua kule Nyandarua. Kila ulipopanuka, ulizidi kuikwea milima ya Aberdare.

Mwaka 1994 ulifika Ndakaini, Murang'a. Bwawa hilo, linaloweza kuhifadhi mita za ujazo milioni 70, lilifunika mashamba, na waliokuwa wakilima hapo wakahama. Maji yake huteremka hadi Ng'ethu, husafishwa, kisha hushika njia ya Gigiri, Nairobi. Jiji linategemea bwawa hili kuliko jingine lolote. Nao wakazi wa vilima hivyo wamelalamika miaka nenda, miaka rudi, kwamba bwawa wanaliona mbele ya macho ilhali nyumbani hawana mfereji.

Kidonda kilitoneshwa na handaki la Northern Collector, la kilomita 11.8, lililochimbwa chini ya vilima ili kuteka maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyaingiza Ndakaini. Serikali ilisema itachukua maji ya mafuriko tu. Raila Odinga, aliyekuwa kiongozi wa upinzani, alionya mwaka 2015 kwamba eneo hilo lingegeuka jangwa. Mwangi wa Iria, gavana wa Murang'a wakati huo, naye akadai kaunti yake ipate asilimia 25 ya mapato ya maji hayo.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti huduma za maji, lakini mito ikabaki chini ya serikali ya kitaifa kwa niaba ya Wakenya wote. Kwa hiyo kila upande ulikuwa na kifungu cha kushika. Na kiu ya jiji si ya kubuni: mwaka 2017 maji ya Ndakaini yalipopungua sana, mitaa ya Nairobi ilipewa maji kwa zamu.

Ila mimi naliona swali la mkulima kuwa zito kuliko yote: kiangazi kikikaza, nani atahakikisha kwamba maji ya kawaida ya mto yameachwa yapite? Handaki lilizinduliwa mwaka 2022. Kwa hiyo vipimo vya maji ya mto Maragua vinapaswa kusomwa pia na wale wanaonywesha ng'ombe wao humo, tena kila siku.