Konokono wa Bahari: Gamba au Mnyama?

Mtu atembeaye ufuoni wakati wa maji kupwa huokota magamba ya konokono wa namna nyingi, na hasa kete, ambazo watoto wetu huzichezea. Akiutazama mwamba wa pwani, kama ule wa Mombasa, huona magamba mengine yameshikwa ndani ya jiwe, kwa kuwa hapo kale mwamba ule nao ulikuwa chini ya bahari. Je, yule wa mchangani na yule wa jiweni waitwe kwa jina moja? Swali hili laonekana dogo, lakini lina historia ndefu, nasi twaona yafaa walimu waijue.

Mwaka 1749 kijana Mfaransa, Michel Adanson, alifika Senegali, akakaa huko karibu miaka 5. Katika kitabu chake cha mwaka 1757 hakuridhika kueleza gamba peke yake. Alimtazama mnyama akiwa hai: pembe zake, macho yake, mguu wake, na kifuniko afungiacho mlango wake. Kwake yeye, atakaye kuwapanga konokono sharti amjue mwenye nyumba, si nyumba tu.

Mwaka uliofuata, 1758, Carl Linnaeus wa Uswidi alitoa chapa ya kumi ya kitabu chake cha kupanga viumbe. Kila aina ya mnyama aliipa majina mawili ya Kilatini. Kete iliyotumika kama fedha aliiita Cypraea moneta, maana moneta ni fedha. Desturi hii ilienea, hata wataalamu wakapatana kwamba majina ya wanyama yahesabiwe tangu mwaka huo. Hivyo majina ya Adanson, yaliyotangulia kwa mwaka mmoja tu, hayahesabiwi.

Lakini mpango wa Linnaeus ulifuata gamba. Koa asiye na gamba alitiwa katika daraja moja, na konokono katika daraja nyingine, ijapokuwa Linnaeus mwenyewe aliandika kwamba mnyama aliyemo ndani ya magamba mengi afanana na koa. Upungufu wa njia hiyo waonekana hata kwa kete. Kete changa ina gamba jembamba na mdomo mpana usio na meno. Ikikomaa, mdomo hujikunja kwa ndani na kuota meno. Aonaye magamba matupu aweza kudhani kuwa ni aina mbili.

Mwaka 1795 Georges Cuvier, aliyepasua miili ya wanyama hawa huko Paris, alianza kuwapanga kwa viungo vya ndani. Koa na konokono wakawa jamii moja, ndiyo Gastropoda, jina la Kiyunani lenye maneno mawili, tumbo na mguu, maana mnyama huyu hutembea kama kwa tumbo.

Basi, ingedhaniwa kwamba shauri limekwisha. Lakini konokono wa jiweni hana mwili wa kupasuliwa. Limebaki gamba tu. Na jambo hili si dogo. Mwaka 1833 Charles Lyell, Mwingereza, alipima umri wa matabaka ya mawe kwa magamba, akisaidiwa na Mfaransa Gérard Deshayes, aliyelinganisha aina za kale na zilizo hai. Katika tabaka alilolipa jina Eocene, aina zilizo hai bado zilikuwa kama 3 na nusu tu kwa mia; katika matabaka machanga zilizidi 90 kwa mia. Basi gamba la kale likipewa kwa makosa jina la konokono aliye hai, hesabu huharibika, na jiwe hudhaniwa kuwa changa kuliko lilivyo.

Msaada mmoja ulitoka baharini. Palikuwa na jamaa iitwayo Pleurotomaria, yenye ufa mrefu katika ukingo wa gamba, ambayo wataalamu waliijua kwa magamba ya mawe tu. Ndipo mwaka 1856 Fischer na Bernardi walieleza gamba jipya la namna hiyo kutoka visiwa vya Antilles. Baadaye wanyama wenyewe walipatikana vilindini, ikajulikana kwamba ufa ule ni njia ya kutolea maji yaliyokwisha kupita katika viungo vya kupumulia. Hivyo aliye hai alifasiri alama iliyoandikwa jiweni.

Mwaka 2005 Philippe Bouchet na Jean-Pierre Rocroi walitoa mpango wa jamaa zote za konokono, wa kale na walio hai. Pamoja na elimu yote iliyopatikana, baadhi ya jamaa za kale sana waliziacha katika fungu la zile ambazo mahali pake hapajathibitika.

Nasi tukiwapa wanafunzi magamba wayapange, tusiwalazimishe kumaliza yote. Na wawe na fungu la mwisho mezani, la yale yangojayo ushahidi.