"Nguvu" na "Nishati" katika Historia ya Bluetooth

Mfasiri akiandika "Bluetooth ya nguvu ndogo", msomaji atadhani kuwa sifa yake ni mawimbi dhaifu. Historia yaonyesha vingine. Mwaka 1994 wahandisi wa Ericsson, mjini Lund, Uswidi, walianza kutafuta namna ya kuunganisha simu na vyombo vilivyo jirani bila waya. Bluetooth iliyotokana na juhudi hizo ilifaa kupitisha sauti mfululizo, lakini ilikuwa mzigo kwa betri ndogo. Mwaka 2006 Nokia ilitangaza Wibree, ambayo mwaka 2010 iliingizwa katika Bluetooth 4.0. Siri yake ni usingizi: chombo huamka kwa milisekunde chache, hutuma habari, kisha hulala tena. Hata katika kutafutana, vyombo hutumia masafa 3 tu badala ya 32. Hivyo betri ndogo mfano wa kifungo yaweza kudumu miezi, hata miaka.

Kilichopunguzwa hasa, basi, ni muda wa kukesha. Na nguvu ikizidishwa kwa muda ndiyo nishati. Kwa hiyo twapendekeza "Bluetooth ya nishati kidogo". Istilahi ikikosea hapo, mwalimu wa fizikia atalazimika kuisahihisha darasani.