Alama ya biashara huishia mpakani

Alama ya biashara ni jina au nembo inayotofautisha bidhaa ya mfanyabiashara mmoja na za wengine. Wengi hudhani kuwa ikishasajiliwa nyumbani, inalindwa popote mzigo unapofika. Sivyo. Kila nchi hulinda alama iliyosajiliwa kwa sheria yake.

Mfano ni unga wa Arusha ambao jina lake limesajiliwa BRELA. Ukivuka Namanga, usajili huo haufuati gari. Mtu akiwahi kulisajili jina hilo KIPI, Nairobi, kabla unga haujaanza kuuzwa Kenya, mwenye unga ndiye anayeweza kushitakiwa na mzigo wake kuzuiwa. Hata Zanzibar ina sheria na ofisi yake, BPRA, jambo ambalo baadhi ya wenye mizigo ya Bara hawalijui.

Njia za pamoja zipo, ila hazikutani. Tanzania na Uganda zimo katika Itifaki ya Banjul ya mwaka 1993, chini ya ARIPO yenye makao Harare, ambapo ombi moja hutaja nchi kadhaa. Kenya haimo, ilijiunga na Itifaki ya Madrid mwaka 1998. Kwa hiyo mwenye unga hana njia ya mkato: atafute wakala Kenya, akague kwanza daftari la alama, kisha aombe upya.

Muda nao haulingani. Tanzania Bara usajili wa kwanza hudumu miaka 7, ndipo huhuishwa kwa miaka 10. Kenya ni miaka 10 tangu mwanzo.