Kicheko Nacho ni Historia

Nilipokuwa mtoto huko Runyenjes, katika nchi ya Embu, jioni ya mchezo wa "Vitimbi" tulijaa nyumbani kwa jirani aliyekuwa na televisheni ya kutumia betri ya gari. Wazee walikaa vitini, nasi watoto sakafuni. Mzee Ojwang' alipoanza kujibizana na Mama Kayai, nyumba nzima iliangua kicheko. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kijaluo, wala hatukuwa na shaka kwamba alikuwa Mjaluo. Kumbe sivyo! Jina lake hasa lilikuwa Benson Wanjau, naye alikuwa Mkikuyu.

Je, alijifunza wapi lafudhi ile? Kwa nini alichagua kuigiza mzee wa kabila lisilo lake? Mwenye kuyajibu vema maswali hayo alikuwa yeye mwenyewe, naye alifariki tarehe 12 Julai 2015.

Hapo ndipo tuonapo thamani ya kitabu cha kumbukumbu za maisha. Charlie Chaplin alichapisha chake mwaka 1964, baada ya kuichekesha dunia kwa miaka hamsini. Humo alieleza utoto wake wa njaa mjini London, ugonjwa wa akili wa mama yake, na siku alizokaa katika nyumba ya kutunzia maskini. Msomaji akatambua kwamba yule maskini wa sinema, mwenye viatu vikubwa, alitoka katika maisha ya kweli. Walakini, mtu aandikaye habari zake aweza kujipamba. Kwa hiyo yafaa tulinganishe maneno yake na ushahidi wa wengine.

Si kila mchekeshaji atakayeandika kitabu. Lakini mfano tunao hapa kwetu. H. S. K. Mwaniki aliwaendea wazee wa Embu na Mbeere, akawasikiliza, na mwaka 1973 historia yao ikachapishwa. Wazee wale hawapo tena. Maneno yao yangalipo.

Basi, vijana, huenda Nkubu, Maua au Siakago yupo mzee aliyewachekesha watu arusini na sokoni. Mwendeeni na daftari, mkamwulize kicheko chake kilitoka wapi. Msingoje siku ya mazishi, kwani siku hiyo wengi watamsifu, lakini yeye hatajibu.