Msumari wa Gasketi

Kwenye kibanda kimoja cha fundi wa pikipiki hapa Kedowa, kando ya barabara ya Nakuru–Kericho, kuna msumari mrefu uliogongwa kwenye ubao. Umebeba gasketi kuukuu, nyeusi kwa oili, nyingine zimekatika. Kama hujawahi kuona injini ikifunguliwa, gasketi ni kile kikaratasi kinachokaa kati ya vyuma viwili vilivyobanwa kwa bolti ili oili isivuje. Chuma hata kikilainishwa vipi hakikosi vijibonde ambavyo jicho halioni. Karatasi ikibanwa, inavijaza.

Fundi hazitupi kwa sababu ndizo vipimo vyake. Kila moja ameiandika kwa kalamu: Boxer klachi, Star magneto. Nilizishusha moja moja. Za juu zote ni Boxer na TVS. Chini yake kuna za Kichina, Skygo na Focin. Mwisho kabisa, mkavu kama jani, ni mchoro wa Yamaha.

Huo mpangilio ni historia ya Kenya, na umenyooka kuliko vitabu vingi. Yamaha ni enzi ambapo pikipiki kijijini ilikuwa ya daktari wa mifugo au ya padri. Boda boda yenyewe ilianza kwa baiskeli pale Busia, miaka ya 1960, ikivusha watu mpaka wa Uganda. Halafu mwaka 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc. Mwaka 2005 nduthi mpya zilizosajiliwa nchi nzima hazikufika 5,000. Mwaka 2011 zilipita 100,000. Kijana aliyekuwa anangoja kibarua cha kuchuma chai akawa na injini yake mwenyewe, mara nyingi ya mkopo.

Lakini pikipiki zilifika vijijini haraka kuliko spea. Na mkopo haungoji gasketi itoke mjini.

Basi fundi anachukua boksi la majani ya chai, lile la karatasi ngumu, analilaza juu ya kava ya klachi na kuligonga polepole kwa nyundo ndogo. Ukingo wa chuma wenyewe ndio unaokata. Tundu za bolti anazitoboa kwa gololi ya beringi: anaiweka juu ya tundu, anagonga mara moja, kiduara kinadondoka. Dakika ishirini hivi. Anapaka grisi pande zote mbili ili siku ya kufungua tena karatasi itoke nzima, irudishwe.

Ustadi huu ni mzee kuliko nduthi. Reli ilipita hapa Kedowa ikielekea Kisumu, ambako ilifika Desemba 1901, na injini ya mvuke ni viungo vitupu vinavyotaka kuzibwa. Miaka ya 1920 kampuni kubwa za chai zikaingia Kericho, na viwanda vyao na mashine zao. Penye mashine mbali na duka, mtu hukata gasketi. Serikali ndiyo iliyochelewa kumwona. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira Kenya iliyolipa umaarufu jina "sekta isiyo rasmi"; ilibidi tungoje mpaka 1985 ndio Rais Moi awatembelee mafundi wa Kamukunji na kuwaahidi mabanda.

Hapo ndipo ninapokosana na wanaoita kazi hii ubunifu wa mtaani, wanapiga picha, wanaondoka. Ubunifu unasikika kama bahati. Fundi habahatishi. Mchoro wa msumarini unampa umbo tu, haumpi unene, na unene ndio kazi yenyewe. Gasketi ya chini ya silinda ikiwa nene, silinda inapanda, mgandamizo unapungua na pikipiki inachoka mlimani. Ikiwa nyembamba mno, pistoni inaweza kugonga juu. Kwa hiyo anabana boksi kati ya vidole, pamoja na kipande cha ile ya zamani, anafumba macho. Sijui kama vidole vyangu vingewahi kujifunza hivyo. Chuo nilichoacha hakikujaribu.

Silikoni nayo anaiogopa kuliko wateja wanavyoiogopa. Ukipaka nyingi, inayobaki inafinywa kuingia ndani, inakatika vipande na kuziba chujio la oili. Injini ikikosa oili inakwama, na mkopo unaendelea.

"Fundi, hii itashika?" kijana mmoja alimuuliza nikiwepo.

"Itashika. Lakini ngoja ikauke. Usinipigie simu ukiwa Londiani."

Kuna gasketi moja ambayo hatakata kwa boksi hata umlipe mara mbili: ya kichwa cha silinda. Pale moto unawaka, karatasi haidumu. Mafundi wa zamani wa malori walijua kuirudishia shaba uhai: shaba ikibanwa sana inakuwa ngumu, ukiichoma mpaka iwe nyekundu inalainika tena. Yeye hufanya hivyo kwa vishale vidogo vya shaba vya bolti ya oili, juu ya makaa ya jiko. Kwa kichwa cha silinda anamtuma kijana dukani anunue mpya, na kama pesa hazitoshi, pikipiki inalala kibandani.

Siku niliyokuwepo zilikuwa zimelala mbili.