Bei ya Karafuu Ilivyopangwa Mbali na Jamvi

Ukifika Pemba wakati wa msimu, harufu hukupokea kabla hujaona shamba. Majamvi yametandikwa uani, barazani, hata pembezoni mwa lami, na juu yake karafuu zinabadilika rangi: asubuhi kijani na wekundu kidogo, baada ya siku kadhaa za jua kali kahawia inayoelekea weusi. Mama mmoja huchota chache, akazivunja kwa vidole. Zikikatika kwa mlio mkavu, zimekuwa tayari. Zikipinda, zinarudi juani. Kilo tatu mbichi hubakisha takriban kilo moja kavu, na hiyo moja ndiyo inayokwenda mizanini.

Kabla ya hapo kuna kazi ya juu ya mti. Karafuu ni tumba la ua, nalo lazima lichumwe kabla halijafunguka. Likichanua, thamani imekwisha. Mchumaji hupanda, huvuta tawi kwa uangalifu ili lisivunjike, huchuma kishada kwa kishada. Jioni familia nzima hukaa chini kuchambua, karafuu upande huu, makonyo upande ule, na mchumaji hulipwa kwa pishi. Kila msimu kuna watu wanaoanguka kutoka mitini, wengine wasiinuke tena. Ninalisema hili mapema kwa sababu habari za karafuu zimezoea kuanzia bandarini na ikulu, na mtu wa juu ya tawi akasahauliwa.

Mkarafuu si mzaliwa wa Zanzibar. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo. Wafaransa waliuchukua huko karne ya 18 wakaupanda katika visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, na kutoka huko ukafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Anayetajwa sana kwa kuuleta ni Mwarabu wa Oman, Saleh bin Haramil. Sultani Seyyid Said aliona faida yake haraka. Aliyatwaa mashamba ya Saleh, akawahimiza wenye ardhi wapande mikarafuu kwa wingi, na kazi ikafanywa na watumwa walioletwa kutoka bara. Waliopanda wakawa wengi mno. Kufikia miaka ya 1840 karafuu ilikuwa imejaa sokoni na bei imeporomoka, na wenye mashamba wengi wakaanza kuweka miti yao rehani kwa wakopeshaji wa Kihindi.

Aprili 1872 kimbunga kikaipiga Unguja, kikaing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika, na tangu hapo ndiyo iliyobeba zao hili. Tofauti moja ya Pemba ina uzito katika yote yaliyofuata: kule Wapemba wenyewe wengi walimiliki miti, mtu na mikarafuu yake michache kando ya mpunga na muhogo. Bei iliyotangazwa mjini ilifika moja kwa moja kwenye chungu cha jikoni.

Utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1897, serikali ya kikoloni ilibaki na wasiwasi wa nani atachuma, na madeni ya wenye mashamba yakazidi kuota mizizi. Katika miaka ya 1930 ikaipa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu nguvu kubwa sokoni, na mwaka 1937 sheria ikaiweka katikati ya biashara ya kuuza nje. Ilielezwa kuwa ni kumlinda mkulima. Wafanyabiashara wa Kihindi walisoma ndani yake mwisho wao. Walisusa kununua, na chama cha Congress cha India kikaunga mkono mgomo kwa kuwataka Wahindi wasinunue karafuu ya Zanzibar. India ilikuwa miongoni mwa wateja wakubwa kabisa, kwa hiyo mzigo ulikwama. Mwaka 1938 serikali ililegeza, wakaafikiana. Jumuiya na wafanyabiashara walivutana kwa sauti kubwa. Mwenye pishi hakuitwa mezani.

Mapinduzi ya 1964 yaliahidi kumwita. Mashamba makubwa yalitaifishwa, familia zikagawiwa eka tatu tatu, na hilo lilikuwa jambo kubwa kwa watu waliokuwa wakilima ardhi ya wengine. Mwaka 1968 likaundwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, likawa mnunuzi pekee halali. Miaka ya 1970 bei ya dunia ilipanda sana. Mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, nchi ile ile ya asili ya mkarafuu, kwa sababu viwanda vyake vya sigara za kretek vilitumia karafuu kuliko mashamba yake yalivyozalisha. Fedha hizo zilijenga Zanzibar: majumba ya Michenzani, elimu na matibabu bila malipo, televisheni ya rangi wakati nchi jirani hazijawa nayo. Siwezi kuyadharau hayo. Lakini mkulima alipewa sehemu ndogo tu ya bei iliyolipwa bandarini, na Pemba, iliyotoa karafuu nyingi zaidi, haikuona barabara na majumba kwa kiasi hicho.

Mkulima alijibu kwa njia mbili. Ya kwanza ni magendo. Usiku jahazi lilivuka mlango wa bahari kuelekea pwani ya Kenya, na karafuu ya Pemba ikauzwa Mombasa kwa bei iliyo karibu zaidi na ya dunia. Adhabu zilikuwa kali mno, na bado watu walivuka. Ya pili haikuwa na kelele, na kwangu ndiyo iliyoumiza zaidi: watu waliacha kupalilia. Hawakupanda miche. Mkarafuu huchukua miaka sita au saba kuanza kuzaa, kisha huishi miongo mingi, kwa hiyo uzembe wa mwaka mmoja hauonekani. Huonekana baada ya miaka ishirini, miti ikizeeka pamoja bila mrithi.

Wakati huohuo Indonesia ilikuwa inapanda. Katikati ya miaka ya 1980 ilijitosheleza, ikapunguza ununuzi, na bei ya dunia ikaanguka vibaya. Kisha nayo ikaingia mtego uleule. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ununuzi wote ulikabidhiwa bodi moja iliyoongozwa na mtoto wa Rais Suharto, Tommy. Wakulima walilipwa kidogo, wengi wakakata miti, na ukiritimba huo ulivunjwa mwaka 1998 kwa shinikizo la Shirika la Fedha la Kimataifa.

Zanzibar ilibadili hesabu mwaka 2011. Chini ya Rais Ali Mohamed Shein, ZSTC ilipandisha bei kwa kiasi kikubwa, na ikawa sera kwamba mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Shirika lilibaki mnunuzi pekee, na kwenye vituo vyake vya ununuzi foleni zikarefuka. Miche nayo ikaanza kutolewa na kupandwa. Iliyotiwa ardhini mwaka ule haikuzaa upesi, na leo iliyopona imekuwa mirefu kiasi cha mchumaji kupanda na kuvuta tawi, akiangalia anakoweka mguu.