KUMBE KIDONGE CHA MAMA KIJACHO STORI YAKE ILIANZIA BOMBAY!

Foliki asidi, kile kidonge anachopewa mama kijacho akienda kliniki, wengi wanakimeza tu bila kujua kimetoka wapi. Stori yake ni ndefu, na mastaa wake wakubwa ni wanawake ambao leo hakuna anayekumbuka majina yao.

Mwaka 1928 daktari Mwingereza, Lucy Wills, alitua Bombay, India (siku hizi Mumbai). Huko wajawazito maskini, wakiwemo wafanyakazi wa viwanda vya nguo, walikuwa wakiishiwa damu vibaya, wengine mpaka kupoteza maisha. Wills akafuatilia msosi wao. Waliokula vibaya ndio walioumia zaidi! Akajaribu kwa panya, kisha kwa nyani, halafu akawapa kina mama Marmite, ule uji mzito mweusi wa hamira ambao Waingereza wanapaka kwenye mkate. Damu ikarudi. Mwaka 1931 akachapisha matokeo, ingawa kilichowaponya hakikujulikana bado.

Mwaka 1941 wanasayansi wa Marekani walichakata takriban tani 4 za spinachi ili wakipate. Wakakiita foliki, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani.

Hapo bado kilikuwa dawa ya damu tu. Kazi yake nyingine ilithibitishwa mwaka 1991, baada ya utafiti wa nchi 7 kwa wanawake ambao mimba zao za nyuma zilipata tatizo la mgongo wazi au ubongo kutokukamilika. Waliopewa foliki, hatari ya tatizo kujirudia ilishuka kwa asilimia 72. Tangu hapo ushauri ukawa mikrogramu 400 kila siku, kuanzia kabla ya kushika mimba. Kwa nini kabla? Kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto unafunga ndani ya wiki 4 hivi tangu mimba kutungwa, wakati wadada wengi hata hawajajua kama wana kitu tumboni.

Sasa mitandaoni kuna maneno kwamba foliki inaleta kisukari cha ujauzito. Ukweli uko hivi: tafiti kadhaa za China ziliona kisukari hicho zaidi kwa waliomeza dozi kubwa, mikrogramu 800 na kuendelea. Lakini utafiti wa Marekani uliowafuatilia manesi kwa miaka mingi uliona kinyume: waliopata foliki ya kutosha kabla ya mimba walikuwa na hatari ndogo. Isitoshe, vitu viwili kuonekana pamoja si ushahidi kwamba kimoja kimeleta kingine. Anayemeza dozi kubwa anaweza kuwa na umri mkubwa, uzito mkubwa au kisukari kwenye ukoo.

Kwa hiyo kukitupa kidonge kwa sababu ya posti moja ni kumchezea mtoto. Na kujiongezea dozi kwa kudhani zaidi ndiyo bora, nako si ujanja. Wapo wanaohitaji dozi kubwa, kama mama aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, ila hiyo inapangwa na daktari. Sukari nayo inapimwa kliniki, haipimwi kwenye komenti.

Wale kina mama wa Bombay hawakuachiwa hata mstari wa majina yao. Walichoacha kimo ndani ya kile kidonge kidogo.

Mdau, wewe uliambiwa nini kuhusu foliki? Tiririka hapo chini!